Geji Ndogo Iliyofichua Ulafi wa Teksi ya Baba Mdogo

Kabla jua halijachomoza upande wa Kigamboni, baba yangu mdogo huwa amekwisha kuegesha teksi yake jirani na Posta ya Zamani, amefuta vioo kwa kitambaa, na anawasubiri abiria wanaoshuka kwenye kivuko. Gari lenyewe, Toyota Corolla ya miaka ya tisini, alilinunua kwa kiinua mgongo chake alipostaafu ukarani. Wenzake walijenga, wengine wakafungua maduka; yeye alinunua gari, na mama mdogo hajamsamehe kabisa kwa uamuzi huo hata leo.

Mwaka jana, masika yalipopamba moto, gari hilo lilianza kula mafuta. Baba mdogo ni mtu wa daftari, tabia aliyoipata ofisini, na kila jioni huandika lita alizonunua na fedha alizopata. Daftari lilionyesha kwamba kwa mizunguko ile ile ya mjini, iliyokuwa ikimtosha kwa lita 12, sasa alihitaji lita 15. Kwa mtu ambaye anagombania abiria na bajaji, na bodaboda, na teksi za kuitwa kwa simu, lita tatu kwa siku ndizo faida yenyewe. Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, EWURA inapotangaza bei kikomo za mafuta, mzee wetu alikuwa akisikiliza redio kama mtu anayesubiri hukumu.

Lakini, ndugu msomaji, fedha haikuwa jambo baya kuliko yote. Alasiri baba mdogo humpitia mjukuu wake shuleni Upanga, wakarudi pamoja nyumbani Mbagala. Mtoto ana miaka saba. Hulala kiti cha nyuma katika foleni ya Barabara ya Kilwa, na siku hizo alikuwa akiamka analalamika kichwa kinamgonga na tumbo linamchafuka. Mama mdogo alimpeleka kupimwa malaria mara mbili. Mara zote mbili hakuonekana na wadudu. Wakasema ni jua. Wakasema ni njaa ya shule. Hakuna aliyefikiria gari.

MAFUNDI WALIVYOHANGAIKA

Ungelikuwa wewe mwenye gari, ungelifanya kama alivyofanya yeye: ungelipeleka kwa fundi. Fundi wa kwanza alibadilisha plagi. Fundi wa pili akabadilisha chujio la hewa na kusafisha nozeli. Wa tatu, ambaye sitamtaja, alisema injini inapata joto mno kwa nchi yetu hii, akataka kuitoa thamostati na kuitupa.

Niruhusu nitoke kidogo nje ya njia hapa, kwa maana jambo hili la thamostati limeenea sana mjini. Kidude hicho huzuia maji ya rejeta yasizunguke mpaka injini ifikie joto lake la kufanyia kazi. Watu hudhani ni kitu cha nchi za baridi. Ukweli ni kwamba injini isiyofikia joto lake hula mafuta zaidi na huchakaa upesi zaidi, iwe Dar es Salaam au Moscow. Ikiwa gari linachemsha, chanzo kitafutwe kwenye rejeta, feni, pampu ya maji au gasketi. Baba mdogo, kwa bahati njema, alikataa.

Plagi zilizotolewa alizihifadhi ndani ya karatasi ya gazeti. Nilipoziona zilikuwa nyeusi tititi, zimejaa masizi makavu kama chungu cha kupikia kwa kuni. Mimi ni mwandishi, stashahada yangu ni ya habari wala si ya mitambo, lakini hata mimi nilifahamu kwamba masizi ni mafuta ambayo hayakuungua yakaisha.

HESABU YA PUMZI

Injini ya petroli hupumua. Ili kilo moja ya petroli iungue yote bila kubakiza mafuta wala oksijeni, huhitaji kilo 14.7 za hewa. Hiyo ndiyo hesabu inayoitwa uwiano wa hewa na mafuta. Tukiiweka kwa lugha ya nyumbani: lita moja ya petroli, ambayo uzito wake ni karibu robo tatu ya kilo, huhitaji mita za ujazo zipatazo tisa za hewa. Chukua chumba cha mita mbili kwa mbili chenye dari la mita mbili na robo. Hewa yote ya chumba hicho humezwa na lita moja tu.

Hewa ikipungua chini ya kipimo hicho, mchanganyiko huwa mzito: mafuta yanapotea, plagi zinaota masizi, na moshi unakuwa na sumu. Hewa ikizidi, mchanganyiko huwa mwepesi. Mwepesi nao una hatari yake, maana injini inapobebeshwa kazi nzito huku mafuta hayatoshi, huweza kugonga, valvu zikaungua, hata pistoni zikayeyuka. Kwa hiyo injini haikai kwenye 14.7 wakati wote. Ikiwa baridi, huhitaji mchanganyiko mzito kidogo ili iwake. Ukikanyaga mafuta mpaka chini kupanda mlima, hupendelea 12.5 hadi 13. Ni katika mwendo wa kawaida na katika kusimama kwenye taa ndipo 14.7 inapotakiwa.

Zamani, katika enzi ya kabureta, kazi hii yote ilifanywa kwa bisibisi na sikio. Fundi alikaza skrubu, akasikiliza ngurumo, akatoa plagi, akatazama rangi: kahawia ya mbao ni njema, nyeusi ni nzito, nyeupe ni nyepesi. Wazee wanakumbuka jinsi ustadi huo ulivyothaminiwa katika miaka ile ya uhaba wa mafuta, wakati gari la binafsi halikuruhusiwa kuonekana barabarani Jumapili tangu saa nane mchana bila kibali. Fundi aliyejua kubana kabureta isivuje tone alikuwa mtu mkubwa mtaani.

Mwaka 1976 kampuni ya Bosch ya Ujerumani ilianza kutoa sensa ya oksijeni, na ikafungwa kwanza katika magari ya Volvo yaliyouzwa Marekani. Sensa hiyo hukaa ndani ya bomba la moshi, hunusa oksijeni iliyobaki baada ya moto, na kupeleka habari kwenye kontrol boksi, nayo huongeza au kupunguza mafuta. Takriban kila gari dogo la petroli linaloshushwa bandarini kwetu leo linayo.

Hata hivyo sensa hizo zisingeweza kuishi na petroli ya zamani iliyotiwa madini ya risasi, yaliyogunduliwa kuwa dawa ya kuzuia injini kugonga na Thomas Midgley wa General Motors mwaka 1921. Risasi huua sensa, kama inavyodhuru ubongo wa mtoto. Juni 2001 nchi za Afrika zilizo kusini mwa Sahara zilikutana Dakar na kuazimia kuiondoa. Kufikia mwanzo wa 2006 ilikuwa imeondoka katika vituo vyetu vya mafuta. Nchi ya mwisho duniani kuacha kuiuza kwa magari ilikuwa Algeria, mwaka 2021.

KUTAFUTA KIPIMO KARIAKOO

Aliyetuelekeza kwenye geji alikuwa fundi kijana wa Gerezani. Aliishika plagi moja nyeusi, akaigeuza, akasema, "Mzee, hapa tunabahatisha. Gari hili linapewa mafuta mengi, lakini nani anayeyatoa, na wakati gani, hatujui. Tufunge geji tulisikilize."

Geji ya uwiano wa hewa na mafuta ni saa ya mviringo, upana wake kama kifuniko cha chupa ya maziwa ya unga, hufungwa juu ya dashibodi. Vijana wanaopenda mbio wanaijua sana. Kwamba inaweza kumfaa dereva wa teksi mwenye umri wa miaka 63, hilo halikuwa limetupitia akilini.

Tuliingia madukani Kariakoo, baba mdogo na mimi, Jumamosi, siku ambayo mtu mwenye akili zake hapiti huko na gari. Hapo ndipo nilipojifunza jambo ambalo ningependa ulishike kabla hujatoa fedha yako. Ziko geji za aina mbili, na kwa sura zinafanana. Ya kwanza hutumia sensa ya kawaida iliyokuja na gari. Sensa hiyo hutoa umeme mdogo, kati ya moja ya kumi ya volti na tisa ya kumi, na hujua mambo mawili tu: mchanganyiko ni mzito, au ni mwepesi. Ukiiuliza ni mzito kiasi gani, hainalo jibu. Geji yake huchezesha taa za rangi nzuri, kijani na nyekundu na njano, ikafurahisha macho na isimwambie mwenye gari lolote la maana. Aina ya pili huja na sensa yake ya masafa mapana, yenye waya tano au sita, na huandika namba kamili: 11.9, 13.2, 14.7. Hiyo ndiyo inayofaa.

Muuzaji mmoja alitushikilia kwa nguvu tununue ile ya taa. Nilipomwuliza sensa iko wapi, akasema hii haihitaji sensa. Tukamuaga.

Kagua pia kwamba kiunganishio cha sensa hakijakatwa na kuungwa upya. Ndani yake mna kizuizi kidogo cha umeme kilichopimwa kiwandani kwa ajili ya sensa hiyo hiyo moja. Kikiondolewa, namba zote zitakuwa za uongo. Na sensa iliyokwisha kutumika usiinunue, hata ikiwa inang'aa.

CHINI YA GARI

Gerezani, gari lilipandishwa juu ya mawe, fundi akaingia chini na taa. Hakukaa dakika mbili. Akatoa kichwa, akaniita: "Dada, hebu njoo uone mwenyewe."

Bomba la moshi, chini ya kiti cha nyuma hasa, lilikuwa limepasuka. Pale palikuwa na masega hapo zamani, kile kisafisha moshi cha kiwandani ambacho ndani yake mna madini ya thamani, na ambacho watu huking'oa na kukiuza. Gari lilimfikia baba mdogo likiwa limekwisha kung'olewa masega na kuwekewa kipande cha bomba tupu, na uchomeleaji wake ulikuwa umeachia. Ufa ulikuwa wa urefu wa kidole. Juu yake, kwenye bodi, plagi ya mpira ya kuzibia tundu la sakafu ilikuwa imekauka na kudondoka.

Nilikaa chini juu ya tairi. Mchanganyiko mzito hutoa hewa ya kaboni monoksaidi kwa wingi. Katika injini iliyozidishiwa mafuta inaweza kupita asilimia tano ya moshi wote, ambapo injini iliyo sawa hutoa kiasi cha asilimia moja au pungufu, kabla hata ya kufika kwenye masega. Hewa hiyo haina rangi wala harufu. Hushikamana na damu kwa nguvu zaidi ya mara mia mbili kuliko oksijeni. Dalili zake za kwanza ni kichwa kuuma, kichefuchefu na usingizi, yaani yale yale mtoto aliyokuwa akiyalalamikia, na yale yale ambayo sisi wa pwani tumezoea kuyaita malaria.

Baba mdogo hakusema kitu. Alikwenda akasimama pembeni, akiwa ameshika daftari lake mkononi. Baadaye aliniambia kwamba alikuwa akihesabu siku.

Ufa ulizibwa kwanza, na sakafu ikazibwa. Ndipo kazi ya geji ikaanza, nami nitaieleza jinsi nilivyoiona, kwa ajili ya yule atakayependa kumsimamia fundi wake.

Betri hufunguliwa waya wa hasi kabla ya kuchomelea, maana umeme wa mashine ya kuchomelea huweza kuunguza kontrol boksi. Fundi akaangalia bomba la petroli linapopita, akaweka ndoo ya mchanga karibu. Kisha akatoboa bomba la moshi mbele ya pale palipokuwa na masega, kiasi cha sentimita 60 kutoka kwenye injini. Karibu zaidi ya hapo, sensa huungua. Mbali sana, hupoa na kuchelewa kutoa habari. Kwenye tundu hilo alichomelea nati maalumu yenye uzi wa milimita 18 ambayo sensa hukazwa ndani yake.

Mahali pa tundu ni muhimu kuliko wengi wanavyofikiri. Lifikirie bomba kama uso wa saa ya ukutani: sensa isimame kati ya namba 10 na namba 2, ikiwa imeelekea chini. Ikifungwa kwa ubavu au kwa chini, maji yanayojikusanya bombani alfajiri yataingia ndani yake, na maji ya baridi yakigusa udongo uliopashwa moto mkali, udongo hupasuka. Huyo ndiyo mwisho wa sensa, na bei yake si ya mchezo.

Usimruhusu fundi kupaka gundi ya silikoni kwenye nyuzi za sensa. Mafundi wetu wanaipenda gundi hiyo kama mama ntilie anavyopenda chumvi, lakini mvuke wake huua sensa kama ilivyokuwa ikiuawa na risasi.

Upande wa umeme haukuwa na mengi. Waya wa moto unatoka kwenye swichi ya gari, mahali ambapo umeme hupatikana ufunguo ukiwashwa tu, na una fyuzi yake wenyewe. Usiuunge kwenye redio wala kwenye pampu ya mafuta. Waya wa ethi hukazwa kwenye chuma safi kilichokwanguliwa rangi, karibu na ethi ya kontrol boksi yenyewe. Ethi mbovu husogeza namba za geji bila wewe kujua. Na ukishaifunga sensa, isikae bombani bila umeme. Ndani yake mna kipasha joto, kisipofanya kazi sensa hujaa masizi na kufa. Geji ikiharibika, ng'oa sensa na uzibe tundu kwa bolti.

KUTAFUTA HEWA SAFI

Baadhi ya geji huhitaji kufunzwa kwanza hewa safi ilivyo. Sensa hutolewa bombani, huning'inizwa hewani, umeme ukawashwa, na geji huichukulia hewa hiyo kuwa kipimo cha kuanzia. Yetu ilikuwa ya namna hiyo. Sasa nakuuliza, ndugu msomaji: hewa safi utaipata wapi Gerezani saa sita mchana? Kushoto kwetu jenereta inanguruma, kulia mtu anapaka gari rangi, nyuma mvulana anachoma tairi apate waya. Fundi alijaribu, namba zikawa zinayumba. Tukakubaliana kuondoka.

Tulikwenda Barabara ya Ocean, upepo ukitoka baharini. Tukazima injini, tukaacha bomba lipoe, fundi akaifungua sensa na kuinyanyua kwa waya wake. Ufunguo ukawashwa, kimya, tukasubiri. Sensa hiyo ikiwaka hufikia nyuzi joto zaidi ya 700, ingawa huoni moto; basi usimruhusu mtoto aikaribie, wala usiilaze kwenye kiti. Watu waliokuwa wakipunga upepo walitutazama kama watu tunaopimia gari homa. Hawakukosea sana.

Sensa ikarudishwa bombani, injini ikawashwa. Geji ikaandika 12.4, jambo ambalo ni halali kwa injini iliyopoa. Tukaondoka kwa mwendo wa polepole kupita hospitali, tukaelekea Kivukoni, Sokoine, tukapanda mpaka kwenye Sanamu ya Askari. Dakika 20 zilipita. Mshale wa joto kwenye dashibodi ulikuwa katikati, injini imepata moto barabara. Geji iliendelea kusema 11.9.

"Hapo sasa," alisema fundi.

Chukua kalamu. Gawanya 14.7 kwa 11.9. Utaona kwamba kwa hewa ile ile, gari lilikuwa likipewa mafuta zaidi kwa karibu robo ya kiasi kilichohitajika. Katika kila lita tano, karibu lita moja ilikuwa ikitoka kwa nyuma ikiwa masizi na sumu. Na kumbuka daftari: lita 12 zimekuwa 15. Geji na daftari walikuwa wamesema neno moja bila kuwahi kukutana.

Tukasimama. Fundi akatafakari kwa sauti, nami nikaandika. Kama kosa lingekuwa bomba la hewa lililopasuka, geji ingesoma wepesi, si uzito. Kama nozeli moja ingekuwa inavuja, injini ingetetemeka. Bali injini ilikuwa tulivu, nzito tu, tena nzito kwa kiasi kile kile, kama mtu aliyeagizwa kufanya hivyo. "Kontrol boksi inadhani ni asubuhi," alisema. "Inadhani injini haijapata moto."

Akafungua boneti. Kumbe Corolla hiyo ina sensa mbili za joto la maji. Moja huendesha mshale wa dashibodi, na hiyo ilikuwa nzima. Nyingine huipa kontrol boksi habari. Kiunganishio cha hiyo ya pili kilipovutwa, kilitoka na unga wa kijani: kutu ya shaba, kazi ya masika na hewa ya chumvi ya Posta ambako gari hushinda. Sensa ya joto ni kitu ambacho ukinzani wake wa umeme hupanda kadiri baridi inavyozidi. Kutu nayo ni ukinzani. Kwa hiyo kontrol boksi ilikuwa ikisoma kutu na kuamini ni baridi, ikamwaga mafuta kama inavyopaswa injini ikiwa baridi, na isiisikilize hata sensa yake ya oksijeni, kwa kuwa huanza kuisikiliza injini ikishapata moto tu. Taa ya injini haikuwaka kwa sababu habari ya baridi si kosa. Ni habari inayowezekana, isipokuwa Dar es Salaam.

Fundi alisugua meno ya kiunganishio kwa msasa laini, akabana waya, akapaka grisi ya umeme. Dakika kumi, bila kifaa kipya hata kimoja. Injini ilipowashwa tena, geji ilipanda kama mtu anayepanda ngazi: 12.6, 13.5, 14.3, kisha ikaanza kucheza taratibu kandokando ya 14.7, juu kidogo, chini kidogo, ambavyo ndivyo inavyotakiwa. Tuliposhuka kuelekea Gerezani na baba mdogo akaondoa mguu kwenye mafuta, namba ikaruka mpaka mwisho wa kipimo. Akashtuka. Hakuna kosa hapo. Gari likiserereka lenyewe, kontrol boksi hukata mafuta kabisa, na inayopita bombani ni hewa tupu.

MAMBO YA KUTAHADHARI

Geji haioni mafuta. Inaona oksijeni. Bomba la moshi likiwa na ufa mbele ya sensa, hewa ya nje hunyonywa ndani na geji ikasema mchanganyiko ni mwepesi, kumbe sivyo. Plagi moja isipowasha, oksijeni ya silinda hiyo hutoka nzima na geji itasema uongo huo huo. Mtu akiifuata namba bila kukagua hayo, ataongeza mafuta pale yanapotakiwa kupunguzwa.

Wenye magari ya dizeli wasihangaike nayo. Dizeli hupumua kwa hesabu nyingine. Wenye magari yaliyobadilishwa kutumia gesi asilia, ile inayotoka Songo Songo na kufika mjini kwetu tangu 2004, wanapaswa kujua kwamba gesi hiyo huhitaji karibu kilo 17.2 za hewa kwa kilo moja. Lakini sensa hupima ukamilifu wa moto, si uzito wa mafuta. Hivyo geji iliyopangwa kwa petroli itaonyesha 14.7 hata kwa gesi ikiwa moto umekamilika. Wengi wamevuruga mitambo yao wakilazimisha geji isome 17. Anayetaka kazi hiyo ifanywe na watu waliosomea, Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam, DIT, iko pale pale Barabara ya Morogoro inapokutana na Bibi Titi Mohamed, katikati ya Posta na Kariakoo, na ina karakana ya kufunga mitambo ya gesi.

Je, kila mwenye gari anunue geji? Sidhani. Kwa bei ya kifaa kile na sensa yake unaweza kumlipa fundi mwenye kipimo chake akupimie siku moja, na hivyo ndivyo ningefanya leo. Kitu ambacho kila mwenye gari anaweza kukifanya bila fedha ni kulala chini ya gari lake na kutazama bomba la moshi lilivyo, hasa sehemu iliyo chini ya watoto.

Geji bado iko kwenye dashibodi ya baba mdogo. Abiria humwuliza ni saa ya nini, naye huwaeleza kwa kirefu mpaka wanajuta kuuliza. Daftari limerudi kwenye lita 12, siku nyingine 12 na nusu foleni ikiwa kubwa. Mjukuu wake bado hulala kiti cha nyuma tangu Upanga hadi Mtoni kwa Azizi Ali, na akiamka siku hizi huomba chipsi. Mama mdogo ameagiza kwamba vioo vya nyuma visifungwe kamwe, hata mvua ikinyesha.